Inchi Mbili na Nusu

Kilichoonekana cha mwili wake kilikuwa buti tu. Buti za ngozi ya kahawia, visigino vimelika upande mmoja, zimetokeza chini ya pikapu ya marehemu baba yangu, uwanjani kwangu, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni kwangu. Binti yangu Maren alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, kashika futi ya kupimia, na alikuwa anacheka.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, upepo wa Nebraska ukipekua kila kona ya uwanja. Nilikuwa nimetoka zamu kliniki ya mifugo, mikono inanuka dawa na ng'ombe. Nilizima injini nikabaki nimekaa ndani ya gari langu, nikikisikiliza kile kicheko. Nilikuwa sijakisikia tangu Krismasi.

Mwenye buti alikuwa Shawna, mke mpya wa Darrel, na Darrel alikuwa mume wangu wa zamani. Ningependa kusema kwamba Shawna aliniibia mume. Ingenirahisishia maisha. Lakini hakuniibia. Alimkuta miaka miwili baada ya sisi kuachana, akamwokota kama mtu anavyookota kiti kilichotupwa kando ya barabara, akampiga msasa, akampaka rangi, na kile kiti kikawa kinakalika. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia hadharani. Unamchukia ukiosha vyombo.

Alijivuta kutoka chini ya gari, vumbi nyweleni, akanieleza bila haraka. Siku ya kuzaliwa ya Maren ilikuwa inakaribia, tarehe tatu ya mwezi wa tano, anatimiza miaka kumi na saba. Baba yangu alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita na kumwachia mjukuu wake ile Chevrolet nyeupe. Kama pikapu zote, ilikuwa imetoka kiwandani mkia juu, pua chini, na shuleni walimtania kwamba anaendesha gari linalonusa barabara. Wenzake wote walikuwa wameshainua pua za magari yao. Shawna alitaka kumpa zawadi hiyo: vipande viwili vya chuma, vya mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai, ambavyo hukaa juu ya springi za mbele na kuinua pua ya gari mpaka ilingane na mkia. Yeye alikuwa mhudumu wa kaunta katika karakana ya matairi ya mji wetu wa Cullen, na vitu hivi alivijua kama mimi ninavyojua tumbo la ng'ombe.

Kazi, alisema, ni kuchagua urefu. Yeye alifikiria inchi moja na nusu. Lakini kabla ya kununua alitaka tufunge trela, tumpandishe Minnow, farasi jike wa Maren, kisha tupime tena gari likiwa na mzigo.

"Gari tupu linadanganya," alisema.

Nilimwambia trela haitafungwa kwenye kitu chochote siku hiyo, farasi anapumzika. Farasi hakuwa amechoka hata kidogo. Nikamwambia pia kwamba gari lilikuwa la baba yangu, na kama kuna mtu wa kulala chini ya tumbo lake, mtu huyo ni mimi. Nilishusha gia boksi na baba yangu kabla Shawna hajajua kufunga kamba za viatu.

"Sawa," alisema Shawna, akijipangusa. "Gari ni lenu."

Maren aliikunja ile futi taratibu, bila kuniangalia.

Niseme kilichokuwa moyoni, maana bila hicho mtaniona kichaa tu. Mimi na Darrel tulikuwa tumetia sahihi makubaliano: Maren akae wiki moja kwangu, wiki moja kwake, mpaka atimize miaka kumi na saba. Baada ya hapo angechagua mwenyewe nyumba ya kukaa mwaka wake wa mwisho wa shule. Zilibaki siku ishirini. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, si mimi, si Darrel, si mtoto. Na sasa mshindani wangu alikuwa ameingia uwanjani na jeki.

Siku ya Jumatatu niliipita karakana ya Shawna nikaendesha maili tisini kwenda duka la mji mwingine. Muuzaji alikuwa mzee mwenye masharubu ya manjano. Alinipangia maboksi juu ya kaunta kuanzia fupi hadi refu, akauliza, "Gari linavuta nini, mama?"

Nikamuuliza kuna tofauti gani.

Alinieleza kwa upole. Kiwanda hakikukosea kuinua mkia. Mkia umeinuliwa ili ukifunga trela, uzito ukikaa nyuma, gari lishuke na kunyooka. Ukiinua pua kupita kiasi, siku ya mzigo mkia unachuchumaa, pua inaangalia mbinguni. "Kama linavuta farasi," alisema, "usivuke inchi moja na nusu."

Moja na nusu. Maili tisini nimeendesha ili nisikie tarakimu ya Shawna kutoka mdomo mwingine.

"Halivuti kitu," nikamwambia. "La mtoto wa shule."

Basi akanisogezea boksi la inchi mbili na nusu. Lilikuwa refu kuliko la Shawna na ghali kuliko la Shawna, na nilitoka dukani mle nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Boksi la Shawna lilifika wiki hiyohiyo. Lilikuwa limefungwa utepe wa kijani. Nililipeleka ghala la malisho nikaliweka nyuma ya magunia ya shayiri, nikamwambia Maren kwamba gari moja haliwezi kuvaa kofia mbili.

Jumapili tukaanza kazi, mimi na yeye. Tuliinua pikapu, tukaiweka juu ya stendi, tukang'oa magurudumu ya mbele. Maren ana mikono ya babu yake, haina papara. Nati ikikataa haigombezi, anaizungukia. Nilikuwa nimeingoja siku kama ile kwa miaka, mimi na mwanangu chini ya gari moja, na ingekuwa siku ya furaha kama tungekuwa wawili. Lakini Shawna alikuwepo. Shawna anasema upulizie mafuta ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Shawna anasema weka alama kwa chaki kabla hujafungua. Shawna anasema nyundo ipige pembeni, usipige juu. Mpaka saa sita nilikuwa nimeshamhesabu mara kumi na moja.

Tulipofika kwenye mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, Maren akanigusa bega.

"Mama, hizo bolti usizikaze bado. Shawna anasema tungoje mpaka gari likanyage chini."

Hilo halikuwa la Shawna. Lilikuwa la baba yangu. Alinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne, katika ghala lilelile: mikono ile inageukia kwenye bushi za mpira, na ukikaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia, siku gari litakapokanyaga chini zile bushi zitabaki zimesokotwa mpaka zichanike. Kaza likiwa limebeba uzito wake. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini siku hiyo neno la baba yangu lilinifikia likiwa na sauti ya yule mwanamke, na masikio yangu yakaziba.

Nikakaza. Nilikaza mpaka spana ikalia.

Maren alifuta mikono, akasogea upande wa pili, akanipa spana nyingine.

Tulipolishusha, gari lilisimama limenyooka. Siwezi kukataa, lilipendeza. Lilikuwa limeinua kichwa kama farasi aliyesikia jina lake. Maren alilizunguka mara mbili, akatabasamu kwa nusu ya mdomo, na ile nusu nikaikumbatia kama nzima. Nikapiga picha nikamtumia Darrel, ingawa sote tunajua haikuwa ya Darrel. Darrel akajibu kwamba sasa pua iko juu kama ya shangazi yangu Lavonne kanisani. Ujumbe wa pili ulitoka kwa Shawna. Imependeza sana, aliandika, na tumpelekee gari Jumanne afanye alaimenti bila malipo.

Maana ukiinua pua ya gari, magurudumu ya mbele hupotoka kidogo, lazima yarudishwe kwenye mstari. Taa nazo lazima zishushwe. Na mashine ya alaimenti Cullen ilikuwa moja tu, pale karakanani kwake, nyuma ya kaunta yake. Nikajibu kwamba wiki hiyo tuna kazi nyingi.

Maren sasa ana miaka ishirini na minane. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka kama kweli tulikuwa na kazi nyingi. Nakumbuka Jumanne ile nilipanga upya kabati la viungo.

Jumamosi iliyofuata Maren alikuwa na mashindano ya kuzunguka mapipa kwa farasi, maili sitini kaskazini. Alihitaji pointi chache tu ili aingie fainali za jimbo. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, Maren usukanini, mimi kando yake na mikate ya mdalasini magotini, Minnow kwenye trela. Nilipokuwa nafunga trela niliuona mkia ukizama. Niliuona vizuri kabisa. Nikajiambia ni giza.

Katika barabara zetu, dereva mkipishana anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hata kama hamjuani. Asiyeinua ni mtu wa mjini au ana hasira na wewe. Alfajiri ile hakuna aliyeinua kidole. Walitumulikia taa, mmoja baada ya mwingine, na lori moja la ng'ombe lilipiga honi kuanzia lilipotuona mpaka likatupita.

"Nimeshazipunguza," alisema Maren, ingawa sikuwa nimemuuliza. "Ziko chini, Mama. Ziko chini kabisa."

Taa zetu zilikuwa zinamulika vilele vya nguzo za umeme.

Kisha tukatoka kwenye bonde, upepo ukatupokea ubavuni. Gari likaanza kuelea. Ukigeuza usukani, linafikiri kwanza, halafu linatii kupita kiasi. Maren alikuwa ameushika kwa mikono miwili, viwiko vimekakamaa. Aliniambia usukani ni mwepesi. Nikamwambia ni upepo. Upepo ukasukuma tena, tukauvuka mstari wa njano, akaturudisha, na nyuma yetu trela ikayumba kushoto, ikayumba kulia, na kwato za Minnow zikapiga ukuta wa bati kama mtu anayebisha hodi kwa hofu.

Aliingia kando ya barabara, mbele ya geti la shamba fulani. Akazima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Mimi nilishuka kwenda kumtazama farasi. Alikuwa mzima, anatetemeka, na niliporudi Maren alikuwa na simu sikioni. Nilidhani amempigia baba yake.

"Shawna," alisema. "Samahani nimekuamsha."

Sikuyajali maneno yenyewe. Niliisikiliza sauti. Ilikuwa sauti ndogo, sauti ya mtoto mwenye homa, ile aliyokuwa akinitumia mimi mpaka alipokuwa na miaka tisa. Halafu siku moja sikuisikia tena, nikadhani ameshakua, imekwisha. Kumbe haikuisha. Ilikuwa imehama.

Shawna aliuliza kama yuko mzima, kama farasi ni mzima, kama mimi ni mzima. Akasema anakuja.

Tulingoja karibu saa nzima. Kulianza kupambazuka, rangi ya maziwa yaliyomwagiwa kahawa. Mikate ya mdalasini ilikuwa magotini kwangu bado, hakuna aliyeitaka.

"Yule muuzaji," Maren aliuliza mwishowe, akiangalia mbele, "ulimwambia tunavuta farasi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mzee wa masharubu alikuwa maili mia na zaidi kutoka pale.

"Hapana. Nilimwambia halivuti kitu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu angenipa lile la Shawna."

Aliligeuza hilo kichwani. Nilingoja anipigie kelele, mimi mwenyewe ningepiga. Alifungua mlango taratibu, akaenda kukaa na farasi wake.

Shawna alikuja na pikapu kubwa ya Darrel. Alikuwa amechomeka suruali ya kulalia ndani ya zile buti. Alishuka na chupa ya kahawa, akamimina kikombe cha kwanza, akanipa mimi. Kisha akaliangalia gari la baba yangu, mkia umechuchumaa, pua mawinguni, taa zimeelekezwa kwa malaika. Mtu yeyote wa wilaya yetu angekuwa na neno la kusema hapo. Mimi nilikuwa nalo tayari kwa niaba yake.

"Upepo wa leo mbaya," alisema.

Nimesamehe mengi katika maisha yangu. Sentensi ile bado.

Tukahamishia trela kwenye gari lake, watatu. Shawna akamwambia Maren apande na mimi, yeye atatangulia na farasi. Maren akasimama katikati ya magari mawili. Mkono wake ulikuwa kwenye mlango wangu, nakumbuka hivyo, vidole vinne juu ya kioo.

"Nitakaa karibu na Minnow," alisema.

Wao wakaendelea kaskazini mashindanoni; mimi niligeuza nikarudi Cullen peke yangu. Bila trela, pikapu ilinyooka kama meza iliyopanguswa. Wa kwanza kupishana nami alikuwa mzee wa shamba na mbwa wake kando. Aliinua kidole. Sikumrudishia.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikalala chini ya gari. Vyuma vyangu vikatoka, vya Shawna vikatoka nyuma ya shayiri na utepe wake, vikaingia. Bushi zilikuwa zimechanika, zote nne, baada ya siku nane tu. Nilizitia kwenye mfuko wa karatasi nikapanga foleni karakanani nyuma ya watu wawili. Ilipofika zamu yangu nilizimwaga juu ya kaunta nikasema nahitaji nyingine, na alaimenti.

Shawna aliokota moja, akaipinda kwa kidole gumba.

"Zilikazwa zikining'inia," alisema. Kisha, bila kuinua macho, "Maren alisahau?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Nilichotakiwa ni kupita tu.

"Hapana," nikasema. "Alinikumbusha."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Akaandika namba za bushi kwenye karatasi, akaita mteja aliyefuata.

Maren alisema uamuzi wake siku mbili baada ya siku yake ya kuzaliwa. Alinikuta jikoni nakatakata vitunguu. Alikuwa ameufanyia mazoezi, niliona kwa jinsi alivyosimama. Atakaa kwa baba yake. Atakuja Alhamisi na wikiendi moja moja.

"Si kwa sababu ya gari, Mama."

"Najua."

"Kule nikikutaja wewe," alisema, "hakuna anayenyamaza."

Nilikuwa na kisu mkononi na macho tayari yanatoka machozi ya vitunguu, kwa hiyo nilibahatika, hakuna kilichobadilika usoni. Nikamwambia achukue kitanda chake kile kipana, cha kule ni chembamba. Tulikipakia Jumapili. Nilimwonyesha pa kupitisha kamba, nikavuta fundo mwenyewe, nikapiga bodi ya gari makofi mawili kumwambia nenda.

Jioni ile nilimpigia Shawna simu. Nilikuwa sijawahi kumpigia kwa hiari yangu. Nilimwambia kwamba Maren huumwa kichwa upande mmoja na huficha maumivu mpaka atapike, kwa hiyo akiona amekaa mbali na dirisha, ampe dawa bila kumuuliza. Nikamwambia kwamba kabla ya mitihani hutembea usingizini, na haamshwi, hushikwa tu kiwiko na kurudishwa kitandani. Nilimsikia anaandika.

Lipo jambo jingine. Maren akilia hataki maneno, wala hataki kukumbatiwa. Anataka mtu aje akae chini nyuma yake, mgongo kwa mgongo, mpaka pumzi zake zitulie. Niligundua hilo siku moja akiwa na miaka minne, sakafuni chooni, kwa bahati tu.

Shawna aliuliza kama kuna zaidi.

Nikasema hapana, ni hayo tu. Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani, kisha akasema asante, Verna.

Miaka kumi na mmoja imepita. Lile la mgongo kwa mgongo sijamwambia bado.